Prosesa Haikuwa Imechoka

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, stakabadhi ya lori la tatu ilikataa kutoka. Naijua saa hiyo kwa sababu niliiandika. Lori lilikuwa limetoka Migato na pamba mbegu, limeshapanda kwenye mizani, uzito umeshasomwa, na mpimaji ameshabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Maandishi kwenye skrini yake yakaganda. Zilipita dakika nne na nusu ndipo printa ikaanza kulia. Lori la nne lilichukua dakika sita. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imetoka nje ya geti la kiwanda, na madereva walikuwa wameshuka na kuja kusimama kwenye dirisha langu.

"Wakati wa ushirika tulicheleweshwa na watu," mmoja alinipigia kelele. "Sasa tumeletewa soko huria, tunacheleweshwa na kabati!"

"Karani, lipeni uji hilo kabati lenu," mwingine akadakia. "Labda limefunga."

"Kwa jirani wanapima kwa kalamu. Kalamu haigandi!"

Kabati walilolisema lilikuwa seva yetu, kompyuta kubwa iliyotunza uzito wa kila lori na fedha ya kila wakala aliyetununulia pamba vijijini. Nilikuwa nayo peke yangu. Hapo Bariadi, siku hizo tukiwa bado chini ya Shinyanga, sikumjua mtu mwingine aliyeweza kukaa mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha, akaiandikia amri na kuelewa jibu lake.

Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa karani wa ushirika kwa miaka tisa. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, ushirika ulipungua, nami nikapunguzwa pamoja nao. Mwenye kiwanda hiki alinichukua kwa sababu aliupenda mwandiko wangu. Baadaye alinunua mfumo wa kompyuta. Waliouuza wakatoka Dar es Salaam, wakatufundisha siku mbili na kuondoka. Mengine yote niliyapata katika kitabu nilichokinunua Mwanza kwenye meza ya vitabu vya mitumba, hakina jalada, pamoja na kamusi ya Kiingereza. Kilinichukua mwaka mmoja na nusu. Sura nyingine nilizisoma mara tatu, na moja sijaielewa mpaka leo.

Seva ilikaa katika chumba kilichokuwa stoo ya vipuri. Umeme wa Bariadi ulikatika utakavyo, kwa hiyo niliunganisha betri nne za lori kwenye kifaa cha kulinda umeme, nikawapangia walinzi zamu ya kuwasha jenereta kabla betri hazijaisha. Mlangoni nilibandika karatasi: USIZIME. Tangu wiki ya kwanza ya Januari mashine ile haikuwa imezimwa hata mara moja. Wafugaji wa kwetu hawataji idadi ya ng'ombe wao mbele ya mgeni. Mimi idadi ya siku za seva yangu nilimtajia kila aliyeingia.

Nilikuwa na kaunta buku pia. Kila siku saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi jioni niliandika amri mbili. Ya kwanza, uptime, ilinionyesha siku ambazo mashine imekuwa macho na urefu wa foleni ya programu zinazosubiri kuhudumiwa. Ya pili, vmstat, ilinipa mstari mmoja wa tarakimu, na tarakimu ya mwisho katika mstari huo ilikuwa asilimia ya muda ambao prosesa, ubongo wa mashine, haina kazi. Niliyanakili yote kwa kalamu ya wino, bila kufuta.

Mwanzoni mwa Juni tarakimu ya mwisho ilikuwa nane. Katikati ya Julai ilikuwa imefika ishirini na moja. Nilielewa hivi: prosesa inafanya kazi karibu sehemu nne kati ya tano za muda wake, na msimu ndio kwanza umeanza. Jumanne ile foleni, ambayo siku za kawaida haifiki moja, ilikuwa tisa. Kwangu ushahidi ulikuwa umekamilika. Nilimwandikia mwenye kiwanda barua ya kurasa mbili nikishauri tununue seva mpya yenye prosesa mbili zilizo na kasi zaidi.

Aliisoma akiwa amesimama.

"Karani, barua nzuri. Lakini milioni saba si fedha ya kutoa kwa barua. Nimemwita injinia kutoka Mwanza aje aangalie." Kisha akaongeza jambo ambalo lilinikaa kichwani usiku na mchana: "Kile kiwanda changu cha Meatu nacho nataka kukiwekea kompyuta kabla ya mwaka kuisha. Atakayelimaliza tatizo hili ndiye nitakayemkabidhi viwanda vyote viwili. Mtu mmoja. Na ofisi yake."

Kwa siku mbili niliishi katika ofisi hiyo. Nilishaamua hata meza ingeelekea upande gani.

Injinia alifika Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea kijana wa Dar es Salaam, mwenye maneno mengi, asiyejua kuwa pamba fifi ni ile chafu ya daraja la chini, mtu ambaye madereva wangemcheka kabla sijamcheka mimi. Akashuka mwanamke wa miaka kama ishirini na saba, amebeba begi moja dogo, akawaamkia walinzi kwa Kisukuma. Kwao Nyashimo. Baba yake alikuwa akilima pamba. Alijua fifi, alijua kuwa mwenye gunia bovu huliweka katikati ya lori, na wakala mmoja wa Kimali aliyekuwa akisubiri kulipwa alimtania akimuuliza ng'ombe wangapi wa mahari wangemtosha baba yake.

"Hamsini," akajibu. "Na seva moja."

Uwanja wote ukacheka. Miaka sita nilikuwa pale, sikuwahi kuuchekesha uwanja.

"Mwangaluka, baba," alinisalimu alipofika mlangoni kwangu, amepinda goti kidogo.

"Salama," nikamjibu kwa Kiswahili. Kila mtu aliyekuwa karibu alilisikia jibu hilo. Mtoto wa mtu akikuamkia hivyo kwa lugha ya nyumbani, humjibu kama unazungumza na askari wa barabarani.

Ninaandika mambo haya kama yalivyokuwa. Nilimwonea wivu kabla hajagusa kitu. Nilimwonea wivu kwa kiti alicholetewa, chenye mto, kutoka ofisi ya mwenye kiwanda. Chai yake ilikuja na chapati mbili kwenye sahani; yangu siku zote ilikuja kwenye kikombe bila sahani. Katika miaka sita mwenye kiwanda alikuwa ameingia chumba cha seva mara mbili. Alhamisi ile peke yake aliingia mara tatu, na kila mara aliuliza, "Injinia, unaendeleaje?" Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na jina langu lilikuwa Karani.

Aliandika bila kutazama vidole. Hilo nalo liliniuma.

Aliandika vmstat, kama mimi, lakini mbele yake akaongeza tarakimu moja, 5. Skrini ikaanza kutoa mstari mpya kila baada ya sekunde tano. Alitazama mistari sita au saba, akakunja mikono.

"Baba, prosesa haina kazi," akasema.

"Haina kazi vipi? Foleni ni tisa."

"Foleni ni tisa, kweli. Lakini wanasubiri nini?" Akaweka kidole kwenye skrini. "Safu hii ya kwanza ni wanaosubiri prosesa. Sifuri. Safu hii ya pili ni waliokwama. Saba, nane, saba. Wamekwama kwenye diski, data inakoandikwa. Wewe unaona malori yamejaa uwanjani, unasema mashine ya kuchambua ni ndogo. Nenda kaitazame: inazunguka tupu. Malori yamekwama mizani."

Nilimletea kaunta buku. Nilimfungulia kuanzia Juni, nikamwonyesha safu yangu ya mwisho: nane, kumi na moja, kumi na tano, ishirini na moja. "Hizi nimezichukua mwenyewe," nikasema. "Mara tatu kwa siku."

Alisoma kurasa nne kwa makini, na sikuona dharau usoni mwake. Ningefurahi kuiona.

"Umeandika vizuri sana, baba. Sijaona mtu aliyeandika hivi. Lakini mstari wa kwanza wa amri hii si wa sasa. Ni wastani wa tangu mashine ilipowashwa. Hali ya sasa inaanza mstari wa pili."

"Kitabu changu hakisemi hivyo."

"Labda kinasema kwa herufi ndogo," akajibu, akatabasamu, akaenda kula.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Usiku sikulala vizuri. Kesho yake, Ijumaa, saa saba na nusu mchana, yeye alipotoka tena kwenda kula, nilifunga mlango nikakaa kwenye kiti chenye mto. Niliandika amri kama alivyoiandika. Mstari wa kwanza ulinipa ishirini na mbili, tarakimu yangu. Wa pili ukanipa tisini na nne. Wa tatu tisini na sita. Prosesa ilikuwa imelala.

Nilikaa pale nikitafuta ishirini na mbili imetoka wapi, na niliipata kwa uchungu. Mwezi wa Januari nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kufunga hesabu za msimu uliopita. Ilikuwa na kosa, ikawa inazunguka bila mwisho, ikila prosesa yote usiku na mchana. Kwa kuwa hapakuwa na pamba, hakuna aliyeona. Niliigundua na kuiua mwishoni mwa Mei, nikanyamaza. Lakini wastani haukuisahau. Miezi ile mitano ya kazi bure ilikuwa bado ndani ya mstari wa kwanza, ikipungua kidogo kidogo kila siku, nami nilikuwa nikiinakili kwa wino kama habari za leo. Kama seva ingezimwa hata mara moja mwezi wa Juni, hesabu ingeanza upya na ningeuona ukweli. Mimi ndiye niliyebandika karatasi mlangoni, nikanunua betri nne za lori ili isizimwe.

Dalili zilikuwapo. Tarakimu yangu ya saa moja asubuhi, kabla lori halijaingia, ilikuwa sawasawa na ya saa sita, malori yakiwa yamejaa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo mwezi mzima, nikajieleza kwamba prosesa hugawa kazi zake kwa usawa.

Saa tisa mwenye kiwanda alituita wote wawili. Alikuwa na simu mkononi. Muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa akisubiri jibu.

"Injinia anasema diski. Karani anasema prosesa," akasema. "Injinia kaiona mashine hii siku mbili. Karani kaishi nayo. Karani, kitabu chako kinasemaje?"

Alikuwa ameniuliza mbele ya injinia. Hilo ndilo lililonikamata. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi macho yake yalikuwa kwangu, na yeye injinia alikuwa akisubiri neno langu kama mwanafunzi. Nikisema diski, viwanda viwili ni vyake. Nikisema prosesa, mashine mpya itakuja na diski mpya ndani yake, mambo yatatengemaa hata hivyo, na hakuna atakayejua kitu.

"Kitabu kinasema prosesa," nikajibu.

Injinia alinitazama. Nadhani alitaka kusema neno, akaona umri wangu, akalimeza. Badala yake akamgeukia mwenye kiwanda. "Mzee, basi naomba nakala ya data ichukuliwe leo. Diski hii inakufa."

"Nakala nachukua kila Jumamosi," nikasema. "Ndio utaratibu."

"Leo na kesho kuna tofauti gani, baba?"

"Utaratibu," nikarudia.

Mwenye kiwanda akaagiza seva mpya, na injinia akaondoka na basi la Jumamosi asubuhi. Mchana wa siku hiyo nilianza kuchukua nakala. Ikafika nusu, ikakwama, ikatoa maandishi ya makosa. Nilijaribu mara tatu. Nakala nzima niliyobaki nayo ilikuwa ya Jumamosi iliyotangulia. Sikumwambia mtu.

Jumatatu saa tano diski ilianza kugonga kama mtu anayepiga kucha kwenye bati, kisha ikanyamaza. Seva nayo ikanyamaza. Bila hiyo hatukujua wakala gani bado ana fedha yetu na yupi tunamdai pamba, kwa hiyo hatukuweza kumlipa yeyote. Malori yalisubiri mpaka alasiri. Nilisimama dirishani nikayaangalia yakigeuza moja moja.

"Karani, tunakwenda kwenye kalamu!" alisema yule dereva wa Jumanne. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Seva mpya ilifika Alhamisi, ndani ya boksi, na hakuna wa kuifunga. Mimi sikuthubutu. Mwenye kiwanda akampigia simu injinia, naye akaja siku hiyo hiyo, jioni, na diski moja mkobani aliyoinunua njiani kwa shilingi laki tatu na elfu themanini na tano. Hakulifungua boksi kwanza. Aliifungua mashine ya zamani, akabadilisha diski, akarudisha programu na nakala yangu ya zamani. Ijumaa asubuhi lori la kwanza lilipanda mizani, na stakabadhi ikatoka kabla mpimaji hajaondoa kidole kwenye kitufe.

Mwenye kiwanda aliishika karatasi ile, akaitazama pande zote mbili.

"Hii ni mashine ya zamani?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na prosesa ile ile?"

"Ile ile."

Akanigeukia. Kabla sijafungua mdomo, yeye injinia akaingilia. "Mzee, kosa ni langu. Ule mstari wa kwanza unawadanganya watu wengi wanaojifunza wenyewe. Ningekaa na baba nimweleze taratibu, angeelewa. Sikumweleza vizuri."

Aliyasema kwa nia njema. Sijawahi kuwa na shaka juu ya hilo. Alikuwa akinifunika. Alinifunika kwa shuka la mtu asiyejua. Ningeweza kukaa kimya, nikahurumiwa, nikabaki na kazi yangu na heshima kidogo. Watu wamenisifu tangu hapo kwa kusema ukweli siku ile. Haukuwa uadilifu. Nilichagua kuitwa mwongo kuliko kuitwa mjinga mbele yake.

"Nilielewa," nikasema. "Kitabu hakikuona. Mimi niliona."

"Uliona lini?" mwenye kiwanda akauliza.

"Ijumaa ile, saa saba na nusu. Kabla hujatuita."

Injinia aliinamisha kichwa, akaanza kukunja waya uliokuwa umeshakunjwa. Mwenye kiwanda hakupaza sauti. Alikwenda mpaka dirishani, akatazama uwanja uliokuwa na malori mawili tu, akarudi.

"Umenilia Meatu yangu, Karani," akasema. "Fedha ya kompyuta za Meatu ndiyo iliyo ndani ya boksi lile." Akavuta kile kiti chenye mto, akaniwekea mezani. "Kaa. Hapa mwenye mwandiko mzuri ni wewe. Niandikie hasara yote, usiniachie hata shilingi."

Meatu haikuwekewa kompyuta mwaka ule wala uliofuata, na ile ofisi haikupata mtu. Injinia alipewa mkataba wa kuja Bariadi mara mbili kwa mwezi, na kila alipokuja alinisalimu kwa kupinda goti. Nilimjibu kwa Kisukuma. Nilijifunza kwake mengi, na hata alipokuwa akinifundisha nilivitazama vidole vyake vinavyojua njia, nikawa natamani vikosee. Nimefika umri wa kutosha kujua kwamba tamaa hiyo haikuniisha. Sasa anasimamia seva za watu mjini Mwanza, na nikisikia habari zake njema huwa nashughulika na jambo jingine kwa muda.

Hesabu niliiandika siku hiyo hiyo, katika ukurasa uliofuata baada ya safu zangu. Diski sikuiweka, maana ilikuwa lazima inunuliwe hata kama ningesema kweli. Seva isiyohitajika, pamoja na usafiri wake kutoka Dar es Salaam, shilingi 7,450,000. Malori kumi na manne yaliyokwenda kwa jirani kati ya Jumatatu na Alhamisi, kwa faida ya shilingi 210,000 kila moja, 2,940,000. Vibarua watatu watakaorudia kuingiza stakabadhi za zile siku zilizopotea kutoka kwenye nakala za kaboni, siku sita, 72,000. Nauli na posho ya injinia kwa safari ya pili, 46,000. Nilijumlisha mara mbili, nikapiga mstari kwa rula, nikampa mwenye kiwanda asaini: shilingi 10,508,000.